Mgeni wa Chumba cha Magodoro

Wako watu ambao wakiulizwa kazi wanayofanya hujibu kwa neno moja, mazungumzo yakaendelea. Chumba-Ngapi hakuwa mmoja wao. Ukimuuliza atakwambia yupo hotelini. Ukimbana, yupo upande wa bwawa. Ukimbana mpaka ukutani ndipo atakiri kwamba kwa miaka kumi na tisa amelipwa mshahara ili awatoe watu majini. Kuwatoa, si kuwaokoa. Bwawa lile penye kina zaidi lilimfika mtu mzima kifuani tu, na yeye mwenyewe kuogelea hajui, wala hakuwahi kuona haya kwa hilo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba anayeogelea pale ni mgeni wa hoteli, na asiye mgeni avae viatu vyake aende zake.

Jina hilo alipewa na watu wa jikoni, kwa sababu ya swali alilowauliza watu mara nyingi kuliko alivyowahi kuwauliza hali zao: "Samahani, chumba namba ngapi?" Likamganda. Hata kwenye ratiba ya zamu waliandika hivyo hivyo, naye akazoea kujitafuta kwa jina hilo.

Usidhani ni kazi ya kijinga. Ina elimu yake, na yeye alikuwa ameihitimu zamani. Mgeni wa kweli huja mikono mitupu, anajua taulo atapewa. Asiye mgeni huja na taulo lake, tena jipya, limekunjwa vizuri. Mgeni wa kweli huyavua malapa yake popote yanapomtoka. Mwenzake huyapanga pamoja chini ya kiti na kuyatupia jicho kila akiibuka. Mgeni wa kweli hulalamika. Maji baridi, jua kali, juisi imechelewa. Asiye mgeni kila kitu kwake ni kizuri mno, anashukuru hadi anatia shaka. Na ukimuuliza chumba, mgeni hajui. Anajipapasa, anamwita mke wake, wanabishana. Ni mwongo peke yake anayekutajia namba papo hapo kama mtoto aliyekariri.

Wako waliomchekesha. Kuna baba mmoja alikuja na watoto sita na shemeji, akasema wote wako chumba namba mia tano. Hoteli yenyewe ilikuwa na ghorofa tatu na vyumba tisini. Kuna mwingine, bwana mwenye kitambi na miwani myeusi, alipoulizwa alijibu kwa ukali, "Unajua mimi ni nani?" Chumba-Ngapi akamwambia kwa upole kwamba hilo ndilo hasa alilokuwa akiuliza.

Lakini hakupenda kumwaibisha mtu. Aliinama karibu na sikio, akasema maneno yake kwa sauti ya chini, kisha akamsindikiza hadi langoni huku akitembea naye sambamba, ili wanaotazama wadhani ni jamaa wawili wanaagana. Wengi waliondoka kimya. Wachache walimtukana. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kumwambia kwaheri, na sioni kwa nini wangefanya hivyo.

Wageni halali nao hawakuwa wenzi. Wiki moja wapo, wiki inayofuata wameondoka, wamekuja wengine wanaofanana nao. Walimjua kama wanavyojua meza ya taulo: ipo pale, mkono unaenda wenyewe. Alikuwa amezungukwa na watu kutwa nzima, watu wanacheka, wanarushiana maji, wanapakana mafuta mgongoni, na jioni akihesabu maneno aliyosema anakuta ni yale yale manne.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita, na mwanamke yule ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba. Alisema kwa niaba ya wote wawili, akauliza swali na kujijibu, na mume akaitikia "ehe" kutoka kwenye kiti chake, akiamini kabisa kwamba naye anazungumza. Sasa vyumba viwili vile vilikuwa kimya hadi unasikia bomba likidondosha tone. Mwanawe wa pekee alikuwa nchi nyingine, ana kazi nzuri na watoto, na kila Jumapili alipiga simu. "Salama, baba?" "Salama." "Afya?" "Nipo." "Haya baba, tutazungumza vizuri wiki ijayo." Wiki ijayo walizungumza vile vile. Jumatatu moja, siku yake ya mapumziko, iligonga saa kumi jioni akagundua kwamba tangu aamke hajatoa sauti. Akaogopa kidogo. Akakohoa, akalisalimu birika.

Basi huyo ndiye mtu aliyekuwa ameketi bwawani Jumatano moja ya manyunyu alipotokea mzee yule.

Jumatano ilikuwa siku ya matembezi. Asubuhi basi la hoteli liliwachukua wageni karibu wote, likawarudisha machweo. Bwawa lilibaki tupu, lakini kanuni ilisema mhudumu akae pale hadi saa kumi na mbili, awepo mtu asiwepo. Chumba-Ngapi alikuwa chini ya mwavuli wa makuti akikunja mataulo ambayo yalikuwa yameshakunjwa. Mara akamwona mtu anakuja kwa njia ya uwanja wa tenisi. Mtu mzima, umri wake au zaidi kidogo, shati limepigwa pasi, na kwapani ana taulo lililoviringishwa kwenye gazeti.

Taulo kwenye gazeti. Hapo hakukuwa na haja hata ya kuuliza. Akauliza kwa mazoea.

"Samahani mzee, chumba namba ngapi?"

"Mia mbili kumi na nne," akajibu yule bwana, papo hapo.

Sasa katika vyumba vyote tisini, mzee wa watu alikuwa amechagua kile kimoja ambacho Chumba-Ngapi alikijua kuliko chumba chake cha kulala. Dari la mia mbili kumi na nne lilikuwa linavuja tangu mwaka juzi. Kilifungwa, kikawa stoo ya magodoro ya vile viti vya kulalia kando ya bwawa. Kila asubuhi yeye mwenyewe ndiye aliyechukua ufunguo, akapanda ngazi, na kuyabeba magodoro hayo mgongoni kama punda.

Alifungua mdomo aseme maneno yake ya kusindikizia. Yakatoka mengine.

"Karibu, mzee."

Hata yeye alishangaa. Labda ni mvua. Labda ni kwamba alikuwa hajasikia sauti ya mtu tangu saa mbili asubuhi. Mzee akavua shati, akalikunja, akayapanga malapa yake pamoja chini ya kiti, kisha akaingia majini bila kurusha hata tone. Aliogelea polepole, uso nje, kutoka ukuta hadi ukuta, na maji hayakumsumbua wala yeye hakuyasumbua. Alipotoka alijifuta, akaketi kiti cha jirani, na akauliza:

"Na wewe bwana, siku yako imekwendaje?"

Chumba-Ngapi alilazimika kufikiri. Siku yake imekwendaje? Akaanza kueleza kuhusu chujio la bwawa lililoziba majani, akaendelea na goti lake la kulia, na alipokuja kushtuka ilikuwa saa kumi na moja na nusu, na mzee anafunga vifungo vya shati.

Akaja Jumatano iliyofuata. Na iliyofuata hiyo. Miezi saba, labda alikosa Jumatano mbili tu.

Walizungumza nini? Hakuna la maana, na hilo ndilo lilikuwa tamu. Goti. Bei ya viatu vya ngozi. Kama ni kweli mtu akizeeka usingizi unapungua au ni kwamba hachoki tena. Mzee alikuwa fundi saa zamani, kabla watu hawajaacha kutengeneza saa, na alikuwa na maoni kuhusu kila saa iliyopita mbele ya macho yake. Ile ya ukutani pale bwawani aliidharau waziwazi. Chumba-Ngapi akaanza kunyoa ndevu Jumatano asubuhi. Mama wa dobi alimwona, akamwuliza kwa jicho la upande, "Kuna mchumba nini, mzee?" Akamwambia mwanamke mzima aache mambo ya kitoto, lakini siku nzima alitembea akitabasamu.

Na mchezo wa chumba ukaendelea. Mzee alisema, "Leo chumbani kwangu kuna joto sana," na Chumba-Ngapi akajibu kwa uso mkavu kabisa kwamba atawaambia mafundi wakiangalie kiyoyozi. Siku nyingine mzee akasifu, "Wanaotandika ghorofa ile wanaijua kazi yao." Chumba-Ngapi, ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameyaburuta magodoro kumi na manane kutoka humo, alicheka hadi akashika mbavu. Mzee naye akacheka. Kilikuwa kicheko kizuri cha watu wazima wawili wanaochekea jambo moja. Hivyo ndivyo alivyoamini.

Mwezi wa nane wa urafiki huo akaja meneja mpya, mwanamke kijana mwenye haraka, si mbaya. Aliwaita wafanyakazi wa nje, akawaonyesha boksi la mikanda ya plastiki ya kuvaa mkononi. Rangi mpya kila siku, inatolewa mapokezi tu, na asiye na mkanda haingii majini.

"Mzee wangu, hii itakurahisishia kazi," akamwambia. "Hakuna tena kuulizana vyumba. Unaangalia mkono tu."

"Sawa, madamu."

"Na kamera ya bwawani inafungwa Ijumaa."

"Sawa, madamu," akasema tena. Alikuwa anafikiria Jumatano.

Alilala na jambo hilo siku mbili. Ya tatu akakumbuka fomu. Hoteli ile ilikuwa na utaratibu ambao wafanyakazi wengi walishausahau: kila mmoja aliruhusiwa kuandikisha jamaa wawili, na jamaa hao wakapewa kadi ya kuingia bwawani siku ya matembezi, wakati wageni hawapo. Akaenda ofisini kwa karani wa utumishi, dada mmoja mkunjufu anayewaita wanaume wote waliomzidi umri baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ile fomu ya jamaa, bado ipo?"

Karani akafungua faili lake. Nafasi ya kwanza ilikuwa na mwanawe, ambaye hajakanyaga pale maisha yake yote. Ya pili ilikuwa ya mkewe, imepigwa mstari kwa rula.

"Hii ya mama ipo wazi," karani akasema taratibu. "Unataka kumweka nani?"

"Ndugu."

"Ee! Sijui kwa nini nilidhani huna ndugu hapa."

"Hata mimi nilidhani hivyo," akasema, akachukua fomu, akatoka akiwa mwepesi kama kijana anayekwenda kuposa.

Fomu ilitaka uhusiano. Akaandika Ndugu, kwa herufi kubwa na nzuri. Fomu ilitaka jina kamili. Hapo kalamu ikasimama. Miezi saba amemwita mzee, na mzee amemwita bwana. Si neno, akajiambia, nitamuuliza.

Jumatano ikafika. Kamera ilikuwa imeshafungwa juu ya lango lakini nyaya zake bado zilining'inia, fundi atarudi kesho. Mzee akaja, akaogelea, akatoka, akajifuta. Chumba-Ngapi alikuwa ameketi na fomu juu ya ubao wake, kalamu mkononi, furaha imemjaa hadi haijui itokee wapi. Na pale ndipo alipofanya kosa ambalo alilirudia kichwani kila siku baada ya hapo. Alianza na sehemu ambayo yeye aliiona ndogo.

"Mzee, nataka jina lako kamili. Hicho chumba tukiache sasa. Mimi tangu siku ya kwanza najua hukai pale. Pale ni stoo, naweka magodoro."

Alisema huku anacheka. Mzee hakucheka.

Taulo lilisimama shingoni. Uso wake ulibadilika polepole, na Chumba-Ngapi akaona, akiwa amechelewa tayari, kwamba mtu yule hakuwahi kucheza mchezo wowote. Alikuwa akimdanganya. Miezi saba alikuwa akimdanganya kwa moyo wote na kuamini kwamba amefanikiwa, kwamba pale bwawani kuna mtu mmoja duniani anayemwona kama bwana mwenye chumba cha hoteli na kitanda kilichotandikwa. Ile "karibu, mzee" ya kila Jumatano aliipokea kama haki ya mgeni. Sasa mbele yake alikaa mfanyakazi wa hoteli, ana ubao, ana fomu, ana kalamu, na juu ya lango kamera mpya.

"Tangu siku ya kwanza," mzee akarudia.

"Ndiyo, lakini sikiliza, hii ni kwa ajili ya..."

"Andika." Akatazama upande wa lango kwa muda, kisha akataja jina. Jina refu, la heshima, majina matatu. Chumba-Ngapi akaandika huku akieleza kuhusu kadi na mikanda na jamaa wawili. Maneno yalimtoka mengi kuliko alivyowahi kusema pale, na hakuna hata moja lililofika. Mzee alivaa shati. Alifunga vifungo vyote, hadi cha shingoni. Akaviringisha taulo bichi kwenye gazeti.

"Nakushukuru kwa uvumilivu wako, bwana," akasema, akapita njia ya uwanja wa tenisi bila kugeuka.

Chumba-Ngapi alijikaza. Akajiambia, atakwenda, atafikiri, hasira zitamwisha. Asubuhi akapeleka fomu. Karani akaisoma, akaisoma tena, kisha akashika mdomo kuzuia kicheko.

"Baba, huyu ndiye ndugu yako?"

"Ndiye."

"Baba, huyu ndiye mheshimiwa aliyefungua hoteli! Jina lake si lile la kwenye kibao cha shaba, pale langoni kwako? Na alishafariki, Mungu amrehemu."

Kibao kile alikuwa akikisugua kwa kitambaa kila Jumamosi, miaka kumi na tisa. Alikisugua herufi kwa herufi na hakuwahi kukisoma. Karani alipoona uso wake aliacha kucheka, akamrudishia fomu. "Niletee jina la kweli, baba, nitaipitisha siku hiyo hiyo."

Alingoja Jumatano nne. Katika zote nne alinyoa ndevu. Kila mtu aliyekuja sasa alikuwa na mkanda, kazi ilikuwa rahisi kama meneja alivyoahidi. Hakulazimika kusema neno. Akaulizia mitaa ya jirani kwa mafundi saa, lakini utamuulizaje mtu usiyejua jina lake? "Mzee mmoja, anaogelea vizuri." Watu walimtazama kama mgonjwa.

Mwezi wa pili wa kungoja, Jumatatu saa nne asubuhi, alikwenda duka la dawa kutafuta mafuta ya goti. Mzee alikuwa mle ndani, amekaa kwenye benchi, ana bahasha ya daktari, na mwanamke wa makamo amesimama kando yake akizungumza na muuza dawa.

Walitazamana. Mzee ndiye aliyetangulia kushusha macho.

"Baba, unamfahamu huyu?" mwanamke akauliza.

"Wa pale hotelini," mzee akasema. Hakusema kwa chuki. "Ndiye aliyenifukuza bwawani."

"Bwawani? Baba, wewe huwa unakwenda bwawani?" Akamgeukia Chumba-Ngapi, amechanganyikiwa. "Sisi anatuambia Jumatano anakwenda kwa rafiki yake. Sasa ameacha, anakaa ndani tu. Tukimuuliza anasema rafiki amehama."

Chumba-Ngapi akamsogelea mzee. 

"Sikukufukuza, mzee. Wallahi sikukufukuza. Nilikuwa nakuandikisha. Kama ndugu yangu."

Mzee akaiweka bahasha magotini.

"Na huyo ndugu yako anaitwa nani?" akauliza.

 Angeweza kuuliza pale pale, ni swali dogo. Maisha yake yote alikuwa akiwauliza watu wasiomtaka. Lakini mara ya mwisho alipomuuliza mzee huyu jina lake alimpoteza, na sasa akaogopa kurudia. Mzee alingoja, kwa adabu yake, muda unaotosha mtu kusema neno. Muuza dawa akaita. Binti akachukua mfuko wa dawa, akampa baba yake mkono, wakatoka, wakavuka barabara.

Walikuwa wameshafika upande wa pili ndipo ikamjia kwamba hata yeye hajawahi kumwambia mzee jina lake. Kibandiko chake cha kifuani kilisema Mhudumu wa Bwawa, basi. Miezi saba mzee alikuwa akimtembelea rafiki asiyemjua jina. Hilo angalau aliweza kulitoa, halikuhitaji kumuuliza mtu chochote. Akakimbilia mlangoni, goti na yote, akajaza pumzi, akapaza sauti, akalitaja jina lake mwenyewe, lote, la kwake na la baba yake.

Watu wakageuka. Muuza magazeti akageuka, akatazama huku na huku kutafuta anayeitwa. Ng'ambo ya barabara mzee naye akasimama, akageuka, akaangalia mtaa wote kumtafuta mwenye jina hilo, aone kama yupo karibu amwambie anaitwa. Hakumwona. Akashika tena mkono wa binti yake, akaendelea na safari.